Risasi Kwenye Jino la Mtoto

Jino la utoto likitoka, wengi wetu tulifundishwa kulitupa juu ya paa na kuomba jipya. Katika miaka ya 1970, watoto wa Chelsea na Somerville, miji ya jimbo la Massachusetts nchini Marekani, waliombwa wayapeleke meno yao shuleni. Aliyeyataka alikuwa daktari, Herbert Needleman, na watoto zaidi ya 2,000 walimpa. Ndani ya meno hayo alikuwa anatafuta madini ya risasi, metali ile laini ya kijivu ambayo wavuvi huifunga kwenye nyavu zizame, na ambayo ndiyo sehemu kubwa ya uzito wa betri ya gari.

Meno aliyachagua kwa sababu. Risasi ikiingia kwenye damu haikai sana. Baada ya mwezi mmoja hivi nusu yake imeshaondoka, nyingine kwa mkojo, nyingine ikihamia kwenye mifupa. Mtoto aliyelamba vumbi lenye sumu akiwa na miaka miwili, ukimpima damu akiwa na saba unaweza usione kitu cha kukushtua. Jino hutunza kumbukumbu. Needleman akawaomba walimu wajaze dodoso kuhusu kila mwanafunzi, bila wao kujua jino la nani lina nini. Anaweza kukaa na kazi moja mpaka aimalize? Hukurupuka? Akipewa maagizo mawili kwa mpigo, huyafuata? Matokeo yalichapishwa mwaka 1979. Kadiri risasi ilivyozidi kwenye jino ndivyo malalamiko ya walimu yalivyozidi, na alama za vipimo vya akili zikashuka. Watoto hao hawakuwa wagonjwa. Mama zao waliwaamsha, wakawanywesha chai, wakawapeleka shule kama watoto wengine.

Kazi hiyo ilimletea Needleman maadui. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wataalamu waliokuwa wametoa ushahidi mahakamani upande wa kampuni za risasi walimtuhumu kwamba alichezea takwimu. Akachunguzwa, akadai uchunguzi ufanywe hadharani, na mwishoni akaonekana hana hatia ya udanganyifu. Mwaka 1996 akatoa utafiti mwingine, safari hii kuhusu wavulana 301 wa mji wa Pittsburgh ambao risasi yao ilipimwa ndani ya mfupa wa mguu. Waliokuwa nayo nyingi ndio waliotajwa zaidi na wazazi na walimu kuwa wagomvi na wavunja sheria. Hapo swali likabadilika. Kwa miaka mingi watu walikuwa wameuliza kama risasi inapunguza akili. Sasa wakaanza kuuliza kama inatengeneza wahalifu.

Kabla ya kulijibu, tuangalie sumu hii inavyofanya kazi.

Mwili wa binadamu hauna kazi yoyote na risasi. Bahati mbaya ni kwamba kikemia inakaribiana na kalsiamu, na mwili wa mtoto, unaojenga mifupa usiku na mchana, huipokea ukidhani ni kalsiamu. Mtu mzima akimeza risasi hufyonza kama sehemu moja ya kumi. Mtoto mdogo anaweza kufyonza karibu nusu. Akiwa na njaa hufyonza zaidi. Akiwa na upungufu wa madini ya chuma au wa kalsiamu, zaidi tena, kwa hiyo mtoto wa maskini hupigwa mara mbili, kwanza na mahali anapoishi na pili na sahani yake. Ndani ya ubongo, seli za neva hutumia kalsiamu kupashana habari, na risasi huingia hapohapo na kuvuruga mawasiliano. Miaka ya kwanza ndiyo ambayo ubongo huamua miunganisho ipi ibaki na ipi ikatwe. Sehemu inayochelewa kuliko zote kukomaa ni ile ya mbele, nyuma ya paji la uso, na kazi yake ni kujizuia, kungoja, na kupima matokeo kabla mkono haujanyanyuka. Haikomai mpaka mtu avuke miaka 20.

Na kiasi kinachohitajika ni kidogo mno. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linasema mtoto akikutwa na mikrogramu 5 za risasi kwa desilita moja ya damu, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Mtoto wa miaka miwili ana damu kama lita moja. Piga hesabu: ni mikrogramu 50 katika damu yake yote, uzito wa punje moja hivi ya chumvi ya mezani. Shirika hilohilo linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Dawa za kuitoa risasi kwenye damu zipo, na huokoa maisha ya mtoto aliyezidiwa, lakini hazijaonekana kurudisha akili iliyokwisha kupotea.

Ushahidi mzito kuhusu uhalifu ulitoka Cincinnati, jimbo la Ohio. Kati ya mwaka 1979 na 1984 watafiti waliandikisha wajawazito wa mitaa ya kimaskini, yenye nyumba kongwe zilizopakwa rangi zenye risasi. Watoto walipozaliwa, damu yao ilipimwa tena na tena mpaka walipofika umri wa kwenda shule, kisha wakafuatiliwa mpaka utu uzima. Mwaka 2008 John Paul Wright, Kim Dietrich na wenzao walilinganisha vipimo vya watu 250 kati yao na kumbukumbu za polisi. Kila mikrogramu 5 za ziada alizokuwa nazo mtu akiwa na miaka sita ziliambatana na ongezeko la karibu nusu katika uwezekano wa kukamatwa kwa kosa la kutumia nguvu. Mwaka huohuo Kim Cecil na timu yake waliwaingiza 157 wa kundi hilo kwenye mashine ya MRI. Waliokuwa na risasi nyingi utotoni walikuwa wamepungukiwa na nyama ya ubongo, hasa upande wa mbele, na wanaume waliathirika kuliko wanawake.

Wakati hao wanafuata mtoto mmoja mmoja, wengine walikuwa wanatazama nchi nzima, na hapo ndipo petroli inapoingia. Mwaka 1921 Thomas Midgley, mhandisi wa General Motors, aligundua kwamba kemikali yenye risasi ikichanganywa kidogo kwenye petroli huzuia injini kugonga. Ikaanza kuuzwa mwaka 1923. Mwaka uliofuata, katika kiwanda kimoja cha New Jersey, wafanyakazi walirukwa na akili na watano wakafa. Daktari Alice Hamilton, bingwa wa magonjwa ya viwandani, alionya waziwazi mwaka 1925. Biashara ikaendelea kwa nusu karne nyingine. (Midgley huyuhuyu ndiye pia aliyetengeneza gesi za majokofu zilizokuja kulitoboa tabaka la ozoni. Ni vigumu kumtaja mtu mwingine aliyeharibu hewa ya dunia kiasi hicho akidhani anasaidia.)

Marekani ilipoanza kuiondoa risasi kwenye petroli katika miaka ya 1970, wastani katika damu ya watoto wadogo ulianguka kutoka mikrogramu karibu 15 mpaka chini ya 3 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Na uhalifu wa kutumia nguvu, uliokuwa unapanda kwa miaka 30, ukafika kileleni mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kuporomoka bila mtu kuelewa vizuri kwa nini. Mchumi Rick Nevin alichora mistari miwili, risasi ya utotoni na uhalifu wa miaka kama 20 baadaye, ikapanda na kushuka pamoja. Mwaka 2007 mchumi mwingine, Jessica Wolpaw Reyes, akilinganisha majimbo yaliyoondoa risasi mapema na yaliyochelewa, alikadiria kwamba zaidi ya nusu ya anguko la uhalifu huo ilitokana na petroli safi. Habari tamu kama hiyo haikosi wasomaji. Polisi walikuwa wamejisifu, wanasiasa walikuwa wamejisifu, kumbe ni pampu za mafuta!

Lakini habari ilikimbia kuliko ushahidi. Mistari miwili ikipanda na kushuka pamoja haijawa ushahidi wa sababu, na hata utafiti wa Cincinnati una mwanya wake. Watoto wa nyumba kongwe ndio pia watoto wa shule mbovu na wa mitaa ambayo polisi hawaondoki, na kukamatwa si sawa na kutenda kosa. Ilihitajika sehemu ambayo tajiri na maskini walivuta hewa moja. Sehemu hiyo ikapatikana Dunedin, New Zealand, ambako watoto waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 wamefuatiliwa maisha yao yote, na ambako risasi ya magari haikuchagua mtaa. Damu yao ilipimwa wakiwa na miaka 11. Mwaka 2018 watafiti waliangalia hukumu na makosa ya zaidi ya 550 kati yao na kukuta uhusiano na risasi upo, ila ni dhaifu sana. Kisha mwaka 2022 Anthony Higney, Nick Hanley na Mirko Moro wakakusanya tafiti 24 za suala hili. Waligundua kwamba tafiti zenye majibu makubwa ndizo zilizopata nafasi ya kuchapishwa zaidi. Walipoisawazisha kasoro hiyo, mchango wa risasi katika kupungua kwa mauaji Marekani ukawa kati ya asilimia 7 na 28.

Hicho si kidogo, ila si nusu. Mimi ningekaa na takwimu hizo. Risasi inachangia ukatili, pamoja na mambo mengine, na mchango wake ni mdogo kuliko ulivyotangazwa. Kile ambacho hakijayumba tangu meno ya Needleman ni kitu kingine: akili, umakini na subira ya mtoto. Hata Dunedin kwenyewe, ambako uhalifu haukuonekana vizuri, uchunguzi wa mwaka 2017 ulikuta kwamba waliokuwa na risasi nyingi utotoni walifika miaka 38 wakiwa na alama za chini za akili, na katika ngazi za kazi walikuwa chini ya pale walipoanzia wazazi wao.

Anayeyasoma haya akiwa Kigali ana sababu yake ya ziada ya kutopenda maelezo mepesi ya ukatili. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 yalipangwa. Yalikuwa na orodha za majina, redio, silaha zilizonunuliwa mapema, vizuizi vya barabarani na viongozi wenye shahada waliokaa kwenye ofisi nadhifu wakitoa amri. Hakuna kipimo cha damu kitakachowapunguzia mzigo hao, na mwanasayansi atakayejaribu kuwapunguzia atakuwa amefanya kazi mbaya. Tena Rwanda ya wakati huo ilikuwa na magari machache. Wengi waliishi vilimani, mbali na moshi wowote wa petroli. Maelezo ya Marekani hayasafiri hivihivi mpaka Afrika Mashariki.

Kuna pia hatari ya kumpaka mtoto matope. UNICEF na shirika la Pure Earth walikadiria mwaka 2020 kwamba mtoto mmoja kati ya watatu duniani, watoto hadi milioni 800, ana risasi inayofika au kuvuka mikrogramu zile 5. Kama risasi peke yake ingezaa wahalifu, dunia isingekalika. Mtoto mwenye risasi ni mgonjwa asiyejulikana kuwa mgonjwa, anayechapwa kwa utundu, anayerudia darasa, anayeitwa mzito wa kichwa. Hilo linatosha. Kigali, ambako mtu anaweza kutembea usiku kutoka Nyabugogo mpaka Nyamirambo akiwa na simu mkononi, haihitaji kuogopa majambazi wa kesho ndipo iijali damu ya watoto wake wa leo.

Kwa upande wa petroli, kazi imekwisha, na ni kazi ambayo Waafrika walishiriki kuifanya. Juni 2001, Dakar, wawakilishi wa nchi za Afrika kusini mwa Sahara walikubaliana kuiondoa petroli yenye risasi. Mwaka uliofuata ushirikiano wa kimataifa wa kulisukuma jambo hilo ulianzishwa Johannesburg chini ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri, Nairobi. Kufikia mwanzoni mwa 2006 karibu eneo lote lilikuwa limehama. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, Julai 2021. Rwanda haina kiwanda cha kusafisha mafuta. Mafuta yanayochomwa Kigali yameingilia pwani ya Kenya au Tanzania na kupanda milima kwa lori, kwa hiyo uamuzi uliofanywa pwani ndio uliosafisha hewa ya bara. Vijana wa Kigali wanaoingia miaka 20 sasa ndio kizazi cha kwanza kilichokua bila moshi huo. Faida ya kuuondoa imepimwa hata karibu na kwetu: Kinshasa, wastani katika damu ya watoto ulishuka kutoka mikrogramu 12 hivi mpaka karibu 9 baada ya petroli kubadilishwa.

Ila 9 bado ni kubwa, na hapo ndipo penye kazi. Petroli ilipoondoka, vyanzo vingine vikabaki. Kampala, watafiti walipima watoto 163 wa shule, wenye miaka minne hadi minane, baada ya petroli yenye risasi kuondolewa. Mmoja kati ya watano alikuwa na mikrogramu 10 au zaidi. Waliokuwa wanaishi karibu na dampo la Kiteezi, lile lililoporomoka na kuua watu Agosti 2024, walikuwa na nyingi zaidi.

Tukio ambalo kila mtu wa Afrika Mashariki anapaswa kulijua ni la Owino Uhuru. Ni mtaa wa watu kama 3,000 huko Jomvu, Mombasa, nyumba za mabati zilizobanana. Mwaka 2007 hivi, ukutani kwao kukawekwa kiwanda cha Kenya Metal Refinery, kilichovunja betri kuukuu za magari na kuyeyusha risasi yake iuzwe nje. Moshi ulishuka kwenye mabati, mvua ikaubeba mpaka kwenye mapipa ya maji, na maji machafu ya kiwanda yakapita mitaroni walikochezea watoto. Phyllis Omido aliajiriwa hapo mwaka 2009. Mwanawe mchanga akaanza kuumwa, homa isiyoisha. Madaktari wakatafuta malaria, wakatafuta taifodi, mpaka damu ilipopimwa risasi na kukutwa nayo. Aliinyonya kwa mama yake. Omido akaacha kazi, akaanza kuwapima watoto wa majirani, akaandamana, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira. Utafiti uliofanywa baadaye ulikuta watoto wa Owino Uhuru wana wastani wa mikrogramu 7.4, mara mbili ya wenzao wa mtaa wa Bangladesh, Mombasa hiyohiyo, wenye wastani wa 3.7.

Kesi ikaenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Tarehe 16 Julai 2020 wakazi walishinda: shilingi za Kenya bilioni 1.3 kama fidia, na amri ya kusafisha udongo. Waliotiwa hatiani hawakuwa wenye kiwanda peke yao. Taasisi za serikali zilizotoa vibali na kufumba macho, ikiwemo NEMA, mamlaka ya mazingira yenyewe, ziliamriwa kulipa. NEMA ikakata rufaa, Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia, na ilibidi Mahakama ya Juu iirudishe Desemba 2024. Miaka 10 ilikuwa imepita tangu kiwanda kufungwa. Mtoto aliyekuwa ananyonya wakati mama yake anaanza vita hivyo alikuwa kijana wa sekondari.

Betri moja ya gari ina risasi kama kilo 10. Kilo hizo zikibaki ndani ya betri hazimdhuru mtu. Balaa huanza pale fundi wa kando ya barabara anapoipasua, akamwaga tindikali chini na kuziyeyusha sahani zake kwenye sufuria kuukuu, huku watoto wake wakicheza jirani. Kigali ina betri za magari, za sola, za kuhifadhia umeme maofisini, na zote siku moja hufa. Rwanda ina kituo cha kuchakata taka za elektroniki huko Bugesera, jambo ambalo miji mingi ya ukanda huu haina, na pikipiki za umeme zinazojaa barabarani tangu jiji liache kusajili za petroli mpya kwa kubeba abiria hutumia betri za lithiamu, zisizo na risasi. Hizo ni nafuu za kweli. Lakini bei ya risasi kuukuu sokoni ni nzuri, na penye bei nzuri hapakosi mtu wa kuvunja betri uani kwake.

Halafu kuna ardhi yenyewe. Maji ya vilima vya Kigali huteremka mpaka bonde la Nyabugogo kabla ya kuingia mto Nyabarongo, yakipita kwanza palipokuwa na viwanda vya Gikondo na karakana. Mtafiti Christian Sekomo Birame na wenzake walichunguza kinamasi cha Nyabugogo na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Risasi ilikuwa miongoni mwa metali walizozikuta kwenye tope na mimea, na mafunjo yalikuwa yameshikilia metali hizo zaidi mizizini. Mafunjo yanafanya kazi ambayo hakuna aliyeyalipa. Serikali imeshaviondoa viwanda Gikondo na kupeleka vingi Masoro, na mabonde yanarudishwa kuwa bustani na vinamasi. Uamuzi mzuri, nasema bila kusita. Ila metali haiozi. Kiwanda huhama kwa mwaka mmoja, risasi iliyo kwenye udongo hukaa vizazi, na dodo, yaani mchicha, inayolimwa bondeni haijui historia ya shamba.

Nyumbani, vitu viwili ndivyo ningevitazama kwanza. Kimoja ni rangi ya mafuta, hasa ya njano kali, nyekundu na kijani, zile zinazopendwa kwenye bembea na milango ya shule za chekechea. Kikomo kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa ni sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni za rangi, na teknolojia ya kukifikia ipo, tena haiongezi gharama ya maana. Cha pili ni sufuria za kusubu, zile nzito za alumini zinazotengenezwa kwa vyuma chakavu. Fundi akitupa kwenye tanuri rejeta iliyolehemewa kwa risasi, risasi hiyo inaishia jikoni. Pure Earth walipopima bidhaa za masoko ya nchi 25 na kutoa ripoti mwaka 2023, karibu nusu ya vyombo vya metali vya kupikia na kulia vilivuka kiwango chao cha rejea. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwemo. Vitu vyenye uchachu, kama mchuzi wa nyanya uliokaa jikoni muda mrefu, huitoa risasi kwenye sufuria haraka kuliko maji matupu.

Mama mwenye sufuria moja hawezi kuitupa kwa sababu ya makala. Anachoweza ni kutolaza chakula chenye ndimu au nyanya ndani yake, kufuta vumbi kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia likiruka, kumnawisha mtoto mikono kabla hajala, na kumpa vyakula vyenye chuma na kalsiamu: maharage, dodo kutoka shamba linalojulikana, samaki wadogo wa isambaza wa Ziwa Kivu wanaoliwa na mifupa yao. Fundi wa betri abadilishe nguo kabla ya kumbeba mtoto. Na mjamzito anayetafuna udongo ajue kwamba baadhi ya udongo unaouzwa kwa ajili hiyo umekutwa na risasi, nayo hupita mpaka kwa aliye tumboni.

Lakini jambo hili halimalizwi na usafi wa mama. Nchini Bangladesh watafiti waligundua kwamba wauza manjano walikuwa wanaitia rangi ya njano yenye risasi ing'ae. Mwaka 2019 asilimia 47 ya sampuli za sokoni zilikuwa nayo. Serikali ikatangaza, ikakagua, ikawatoza faini wauzaji mbele ya kamera, na mwaka 2021 ikawa asilimia 0. Miaka miwili ilitosha, bila dawa wala hospitali mpya.

Rwanda ina nyenzo za kufanya kama hayo kuliko nchi nyingi. Watoto karibu wote hupelekwa kwenye chanjo ya surua wakiwa na miezi tisa na tena wakiwa na miezi 15, umri uleule ambao mikono haitoki mdomoni na risasi inaanza kupanda. Kila kijiji kina abajyanama b'ubuzima, wahudumu wa afya wanaojulikana kwa majina na kila kaya. Zipo mashine ndogo za mkononi zinazopima risasi kwa damu ya kidole, na jibu hutoka kwa dakika chache. Sharti kubwa ni kidole kioshwe vizuri kwanza, vumbi lisije likapimwa badala ya mtoto. Wizara ya Afya na RBC, taasisi ya taifa ya afya, waianze kazi hiyo kwenye vituo vya afya vya Nyabugogo, Gatsata, Gikondo na Nduba, kabla ya kwingine. Na wewe unayekwenda wiki hii kununua rangi ya chumba cha mtoto, muulize muuzaji ina risasi au haina, umwambie akuonyeshe kwenye kopo palipoandikwa. Akishindwa, nunua duka la pili.